Nyufa Chini ya Zinki

Mimi si mtu wa kunyamaza. Karakana yangu iko Nachingwea, nyuma ya soko, na wateja wangu wanajua kwamba ukiniletea gari halafu ukasimama nyuma yangu kunifundisha kazi, utaondoka na gari lako vilevile lilivyokuja. Nimeshamfukuza dereva wa lori. Nimeshamfukuza mwalimu aliyenifundisha kusoma, na mpaka leo tukikutana msikitini wanawake wenzangu wananiuliza kama nimeshamwomba radhi. Bado sijamwomba.

Lakini kwa mjomba wangu sikuwa na sauti. Kwetu huku kusini mjomba si ndugu wa mama wa kuletewa soda akija kutembea. Ndiye aliyesimama nilipochezwa unyago, ndiye aliyepokea posa yangu, na ndiye aliyesema niende Dar es Salaam kujifunza kuchomelea wakati baba anashikilia kwamba kazi hiyo si ya mwanamke. Ujuzi wote nilio nao umepitia mkononi mwake. Neno lake halijibiwi. Unaitikia, halafu ukishatoka nje ndipo unanung'unika. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, nina karakana yangu, na bado nilikuwa mtu wa kunung'unikia nje.

Msimu wa ufuta uliopita, lori lililojaa magunia lilirudi nyuma ghalani Ruangwa likaigonga pikapu ya mjomba ubavuni. Ni pikapu ya milango minne. Nguzo ya katikati, ile inayosimama kati ya mlango wa mbele na wa nyuma na kubeba bawaba na mkanda wa kiti, ilibonyea ndani kabisa. Mjomba hakutaka kunyoosha. Aliagiza Dar es Salaam nguzo iliyokatwa kutoka gari jipya la aina hiyohiyo, akaileta mwenyewe karakana kwangu imefungwa kwenye shuka.

Nguzo ile ilinitia shaka tangu nilipoikata. Jiwe la grinda liliisha upesi kuliko nilivyozoea. Chuma chenyewe kilikuwa chembamba lakini kigumu, si lile bati laini la magari ya zamani niliyokulia nayo. Na kilikuwa kimevishwa zinki pande zote mbili. Nikachukua brashi ya waya nianze kukwangua sehemu za kubana.

Mjomba alikuwa amekaa juu ya tairi. "Unafanya nini hapo?"

"Natoa zinki, mjomba. Moshi wake mbaya, halafu inaharibu midomo ya mashine."

"Acha."

Aliinuka akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya pikapu, akanionyesha sakafu. Ilikuwa imetoboka kila mahali, na kwenye kingo za matobo kulikuwa na unga wa njano. "Hii ni nini?"

"Salfa, mjomba."

"Mikorosho ikianza kutoa maua mimi kazi yangu ni salfa. Nandagala, Chunyu, Likunja, kote napeleka. Ikipata umande inakula gari mpaka mifupa. Hiyo zinki ndiyo dawa yake. Nani anakwangua dawa?" Kisha akatoa kwenye mfuko kopo la rangi ya zinki. "Na hii upake katikati ya mabati kabla hujabana. Paka mara mbili."

Mtu asiyekaa kwenye mikorosho hawezi kuelewa jinsi tunavyoiheshimu zinki. Bati la zinki ndilo linalobaki juu ya nyumba, ndoo ya zinki ndiyo inayorithiwa. Hakuna mtu Nachingwea aliyewahi kusikia ubaya wa zinki zaidi ya moshi wake, na moshi dawa yake ni maziwa. Hata hivyo mkono wangu ulikuwa unakataa. Sikuwa na sababu ya kueleza. Ilikuwa hisia ya fundi tu, na kwa mteja mwingine yeyote ningeisema kwa sauti kubwa. Kwa mjomba nilisema, "Sawa."

Mashine yangu ya spoti ina midomo miwili ya shaba. Unabana mabati mawili katikati yake, umeme unapita kitambo kidogo, chuma kinayeyuka kwa ndani na kushikana kwenye doa moja la ukubwa wa kifungo cha shati. Siku ile umeme ulikuwa mdogo. Zinki ilirusha cheche, ikatoa moshi mweupe, ikang'ang'ania kwenye shaba. Madoa mawili ya kwanza hayakushika, nikaongeza nguvu ya umeme. Mdomo wa nguzo haukulala sawasawa na bodi, palikuwa na mwanya wa kupitisha ukucha, nikaufunga kwa kuulazimisha na koleo la mashine. Midomo ya shaba ilitanuka, nami sikuipiga tupa kwa sababu mjomba alikuwa anatazama saa. Kila doa nililiachia upesi ili niwahi linalofuata.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jaribio langu la siku zote. Unabana vipande viwili vya mabaki ya chuma hichohicho, halafu unavitenganisha kwa patasi. Doa zuri halikubali kuachia. Linang'oka zima na kuacha tundu kwenye bati la pili. Liling'oka zima. Mjomba aliingiza kidole kwenye tundu akacheka kwa furaha, akawaambia watu waliokuwa wanapita kwamba mpwa wake anachomelea kuliko wanaume wote wa mkoa. Nilifurahi, sitasema uongo. Jioni nilitetemeka kwa homa ya moshi, mdomo umejaa utamu wa chuma, nikanywa maziwa na kulala nikiwa na furaha hiyohiyo.

Pikapu ilipakwa rangi, ikarudi kazini. Wiki mbili zikapita.

Jumatano moja asubuhi nilikiokota kile kipande cha majaribio nikikitafutia kazi ya kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kidole gumba kilipita juu ya doa, pembeni kidogo, mahali ambapo mdomo wa shaba huacha bonde. Ukucha ukakwama. Nilikitazama kwenye jua sikuona kitu, lakini ukucha ulikuwa unakwama palepale kila nikirudia.

Jirani yangu ni fundi wa injini. Akitaka kujua kama kichwa cha injini kimepasuka, anakipaka mafuta ya taa, anasubiri, anakifuta kikauke, halafu anakipaka vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda na kuichora chaki. Nilifanya hivyohivyo. Mistari ilijitokeza mitatu, myembamba, imezunguka doa na kutoka nje kama miguu ya buibui. Nilirudia kwa kipande cha pili. Miwili.

Nilimpigia rafiki yangu niliyejifunza naye kazi, ambaye sasa yuko kwenye karakana kubwa Dar es Salaam wanakotengeneza magari mapya yaliyopata ajali. Nilimtumia picha. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na nimeusikiliza mara nyingi kiasi kwamba naujua kwa moyo.

"Dada, ulikwangua zinki?" ndivyo alivyoanza. "Maana hicho chuma kigumu si cha kuchezea. Zinki inayeyuka mapema mno, chuma bado kizima. Ikishakuwa maji inatafuta pa kuingia. Chuma nacho kimejengwa kwa punje ndogondogo, na wewe hapo unakibana na kukivuta huku kina moto. Basi ile zinki inapenya katikati ya punje na kuziachanisha. Bati laini linanyooka, linavumilia. Kigumu hakijui kunyooka, kinapasuka. Na ukizidisha umeme, ukalazimisha mwanya, ukaachia mapema, ndiyo umeialika."

Nilimwambia jaribio la patasi lilikuwa zuri.

"Patasi inakuonyesha kifungo. Ufa haupo kwenye kifungo, uko pembeni yake."

"Itavunjika?"

"Sijui, dada. Labda itakaa miaka. Labda siku ikigongwa tena ubavuni ndiyo utajua. Lakini mimi nisingempandisha mtu."

Hapo ilikuwa Jumatano, kabla ya adhuhuri. Simu ilikuwa mkononi. Namba ya mjomba ni ya kwanza kwenye orodha yangu. Niliiweka simu mezani nikaendelea kuchomelea geti la mtu.

Nilijiambia maneno mengi siku zile. Kwamba kipande cha majaribio si nguzo. Kwamba hata barabara ya Nandagala, anakoishi mjomba, haina magari mengi ya kugongana. Kwamba mjomba atasema ninakwepa lawama kwa kusingizia zinki yake. Hili la mwisho ndilo lililonizuia, kwa sababu zinki ilikuwa yake kweli, na nisingeweza kueleza ufa bila kumwambia mbele ya uso wake kwamba alikosea. Ijumaa nilipiga. Alipokea kwa kelele za furaha.

"Mpwa wangu! Kesho wari wanatoka likumbi, jando limekwisha, wajukuu zangu watatu. Pikapu nimeipamba kwa khanga. Mama zao nitawapakia kwenye kabini, wanaume na ngoma nyuma, tunawazungusha mpaka Ruangwa mjini. Utakuja?"

"Nitakuja, mjomba."

"Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kujua saa."

Nilikata simu nikaipiga teke ndoo ya maji, ikamwagika karakana nzima. Hasira zangu zilikuwa zinamtafuta mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mimi.

Jumamosi alfajiri nilichukua bodaboda. Nilitia kwenye mkoba chupa ya mafuta ya taa, chaki, msasa na patasi. Dereva alikuwa na haraka za vijana wa siku hizi lakini nilikuwa namgonga bega aongeze.

"Sista, punguza presha, tunafika," alisema. "Kwani kuna msiba?"

"Bado," nilimjibu, na baada ya hapo hakuniuliza kitu mpaka Nandagala.

Tulifika watu wamejaa uwanjani. Wari walikuwa wamesimama kwenye mkeka na nguo mpya na miwani myeusi, wamenyoa, hawajui waangalie wapi. Mama zao walikuwa wameshaingia kwenye kabini ya pikapu, sita mahali pa watano, wanapiga vigelegele dirishani. Wanaume walikuwa wanapandisha ngoma nyuma. Mjomba alikuwa amevaa kanzu, ufunguo tayari mkononi. Bibi mdogo, mdogo wa bibi yangu mzaa mama, alikuwa anapita mbele ya wari na sahani ya unga mweupe wa mtama, anawapaka kila mmoja kwenye paji la uso na kuwaombea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, panda nyuma."

"Mjomba, naomba washuke."

Alidhani hakusikia vizuri, kwa sababu ya ngoma. Nikarudia kwa sauti ninayoitumia karakana. Ngoma zikanyamaza zenyewe.

"Washuke kwa nini?"

"Nguzo ina nyufa."

Aliniangalia, kisha akaangalia pikapu inavyong'aa. "Hii? Uliyoichomelea wewe?"

"Ndiyo. Nahitaji kuiangalia kabla haijaondoka."

Watu walianza kucheka kidogokidogo. Mjomba hakucheka. Kusema mbele ya ukoo kwamba gari lake bovu ni jambo moja, kusema siku ya wari ni jingine. "Angalia," alisema kwa utulivu ulionitisha zaidi. "Angalia upesi."

Niliwaomba kina mama washuke. Walishuka wananuna, mmoja baada ya mwingine, wanakunguta nguo zao. Niliufungua mlango wa nyuma nikaung'oa mpira unaozunguka nguzo. Madoa yangu yalikuwa yamejipanga pale chini ya rangi mpya. Nilipoweka msasa na kuanza kusugua, nikasikia pumzi ya mjomba ikibadilika nyuma yangu. Nilisugua rangi, nikasugua zinki mpaka madoa manne yakawa wazi, nikayapaka mafuta ya taa. Kisha nikaingiza mkono kwenye mkoba kutoa chaki. Chupa ilikuwa imevuja njiani. Chaki ilikuwa uji.

Niliangalia huku na huku. Kitu cheupe na kikavu kilichokuwepo uwanja mzima kilikuwa kwenye sahani ya bibi mdogo.

"Bibi, naomba unga."

"Unga wa wari?" mjomba akadakia. "Umerukwa na akili?"

Bibi mdogo Kiswahili chake ni kidogo, anasema Kimwera siku zote. Alinitazama, akaitazama pikapu, akamtazama mjomba. "Nwache," alisema. "Kama ni kuwaombea watoto, na gari ndiyo inawabeba." Akaninyooshea sahani.

Mafuta yanataka muda wa kuingia. Nilisimama pale nimeshika sahani, watu wamenizunguka, jua limeanza kuchoma. Mjomba alitazama saa mara mbili. Nilikuwa naomba mambo mawili kwa wakati mmoja: nisione ufa, ili watoto na mama zao wawe walikuwa salama wiki zote zile, na niuone, ili nisiwe mwendawazimu mbele ya ukoo wangu. Nikafuta mafuta kwa kitambaa mpaka chuma kikakauka. Nikachota unga, nikapaka doa la kwanza. 

Weupe mtupu. La pili, weupe mtupu.

"Haya," mjomba alisema. "Umemaliza?" Nyuma yake mtu mmoja alipiga ngoma kofi moja la kejeli, watu wakacheka kwa sauti sasa.

Nilipaka la tatu. Tulitazama. Mstari ulianza kuonekana polepole, mnyevu, wa rangi ya majivu, ukatoka kwenye ukingo wa doa na kupanda juu urefu wa punje ya mchele. Ukafuata wa pili. Nilipaka la nne, lile la karibu na mkanda wa kiti, na hilo halikuchelewa hata kidogo. Mistari mitano ilifunguka pande zote.

Kicheko kilikatika. Mjomba aliinama mpaka pua ikakaribia chuma. Alifuta unga kwa kidole, nikapaka tena, mistari ikarudi palepale. Nilimweleza kama rafiki yangu alivyonieleza: zinki, punje, chuma kigumu, umeme niliouzidisha, mwanya nilioulazimisha. Nilisema zinki ilipaswa kukwanguliwa mahali pa kubana na kupakwa baada ya kazi, si kabla. Sikumwambia "nilikwambia," kwa sababu sikuwa nimemwambia. Nilitegemea anikemee. Alisimama taratibu, kanzu imechafuka unga magotini, akauliza swali moja tu.

"Ulijua tangu lini?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni: leo asubuhi. Lingetosha. Ningeonekana mtu aliyeruka kitandani na kuja mbio kuokoa ukoo wake, na nadhani hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Tangu Jumatano," nilisema.

Aliyejibu ni mama yangu. Alikuwa miongoni mwa wale walioshuka kwenye kabini, amesimama nyuma yangu muda wote, na sikuwa nimemsalimia hata yeye kwa haraka zangu.

"Alhamisi mjomba wako alinipeleka Ruangwa, hospitali, kupima macho," alisema. "Nilikaa hapo." Alisogea akaweka kiganja kwenye nguzo, juu kidogo ya yale madoa. "Nilisinzia njia nzima. Kichwa nilikiegemeza hapa."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anaelewa tu, polepole, huku anaupapasa unga kwa vidole kwa sababu macho yake hayaoni mambo madogo. Kisha akanigeukia.

"Jumatano ulijua. Ukaogopa nini, mwanangu?"

Watu wote walikuwa wananisubiri, na mjomba pia. Nilitafuta neno kubwa la kulingana na kile nilichokuwa karibu kukifanya. Sikulipata.

"Kukemewa," nilimwambia. "Niliogopa kukemewa."